Jinsi Skiba Alivyomuua Kurpas

Maandishi ya kwanza ya Hieronim Skiba yalitoka mlangoni. Ilikuwa mwaka 1945, theluji imeyeyuka, katika mji mdogo wa Ostrówek kando ya mto Warta, na kalamu yake ilikuwa kipande cha mkaa. Nyumba ikishakaguliwa kuanzia darini hadi pishi la viazi, aliandika mlangoni: "Mabomu hakuna. Skiba." Maneno matatu tu. Hakuna mhariri aliyeyagusa, na wasomaji waliyaamini kiasi cha kuingiza watoto na mbuzi wao ndani siku ileile. Miaka mingi baadaye, vitabu vyake vilipokuwa madukani, alipenda kusema hajawahi tena kuandika kitu kilichosomwa kwa makini namna ile.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijiji alichozaliwa kilikuwa mashariki mwa Poland, na vita vilipokimeza, treni ilimpeleka Siberia pamoja na mama yake. Mama alibaki huko, chini ya udongo ambao jembe haliwezi kuupasua kabla ya mwezi wa tano. Hieronim hakuwahi kuyaandika hayo. Kila mtu nchini aliyajua na hakuna aliyeruhusiwa kuyachapisha. Jeshi la Kipolandi lilipoanza kuundwa kulekule ugenini, alijiunga kwa sababu lilitoa buti. Afisa akamuuliza kazi yake. Akajibu: "Mkulima."

"Vizuri," afisa akasema. "Mkulima anaijua ardhi." Akamtia kwenye kikosi cha wategua mabomu.

Hivyo akarudi nyumbani kwa tumbo. Wenzake walirudi Poland kwa miguu, wengine kwa lori, wachache juu ya vifaru. Yeye alirudi akitambaa, mkononi fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, akiuchoma udongo kwa mshazari, taratibu, kama mpishi anayeichoma keki kujua imeiva au bado. Vita vilipokwisha na watu wakacheza barabarani, yeye na wenzake wawili walikuwa bado wamelala kifudifudi katika mashamba ya Ostrówek. Wa kwanza alikuwa Bonawentura Kurpas, jitu pana kama mlango wa ghala, ambaye njaa yake iliogopwa na wapishi wa jeshi zima. Wa pili alikuwa Ludwik Szpak, mdogo, nywele nyekundu, mwenye kuongea na mabomu kama anayembembeleza ng'ombe asimpige teke.

Shamba likishasafishwa, wakulima walikuwa hawaamini. Walisimama kwenye mpaka, kofia mkononi, wakikuna vichwa. Hapo ndipo hao watatu walipokamatana mikono, Kurpas katikati, wakalivuka shamba zima wakiimba, toka pembe hadi pembe, wakikanyaga kwa kishindo. Hakukuwa na kanuni ya jeshi iliyowaagiza hivyo. Lakini mkulima akishaona hivyo, kesho yake alilima.

Ludwik alikufa katika shamba la mwanamke aitwaye Rozalia Bąk, kazi ikiwa imekwisha kwa siku hiyo. Aliona majani machachu ya supu yamechipua upande wa pili wa kamba iliyotenga ardhi isiyosafishwa bado, yale ambayo kila Mpolandi huyaota tangu theluji inapoanza kulainika, akatoka hatua chache kuyachuma. Hakuwa akimwokoa mtu. Alitaka supu. Kikosi kikaamriwa kuondoka kesho yake, na baadaye masalia yake yakahamishiwa makaburi makubwa ya jeshi, mbali, katikati ya maelfu ya majina.

Baada ya jeshi Hieronim alipata kazi katika kiwanda cha matofali karibu na Poznań, akamwoa Leokadia, karani wa hapohapo mwenye ulimi mkali na mashine ya chapa ya kuazima. Kila alfajiri kabla ya zamu aliketi jikoni akaandika kitabu cha wategua mabomu. Aliandika kama alivyofanya kazi shambani: sentensi fupi, ya pili haisogei kabla ya kuhakikisha ya kwanza imeshika. Watu wote aliwaita kwa majina yao halisi, maana wenzake wa zamani walishamtishia kuja kumvunjia madirisha akiwabadilisha.

Tatizo lilikuwa Ludwik. Kabla ya kumwandika alikwenda mji wa Łódź kumwona mama wa marehemu. Yule mama alimkaribisha chai, akamsikiliza, kisha akasema:

"Mwanangu, andika utakavyo. Lakini Ludwik wangu usimuue. Jeshi limeniambia amekufa, sawa, jeshi lina mengi ya kusema. Wewe ulikuwa naye. Wewe ukisema amekufa, basi nitalazimika kuufunga kwa komeo mlango ninaomwachia wazi kila usiku."

Hieronim akamwahidi. Kwa hiyo katika kitabu Ludwik Szpak alimaliza vita, akarudi Łódź, akaoa msichana wa kiwanda cha nguo, akanenepa.

Alipoupeleka muswada Warszawa, mji mkuu, mhariri alimwita. Jina lake Apolinary Zych, mtu mpole mwenye suti nzuri na tumbo baya. "Bwana Skiba," akasema, "nimeupenda. Lakini kurasa mia tatu za mabomu, na maiti hakuna! Msomaji atadhani mlikuwa mnavuna viazi."

"Karibu na hivyo, bwana. Ila hivi viazi vilikuwa vinajibu."

"Niletee mtu mmoja afe mwishoni. Mmoja tu. La sivyo sichapi."

Hieronim alijaribu kubuni mtu. Alimpa jina, sharubu, na mchumba, akamlipua. Hakufa. Kesho yake karatasi ilikuwa baridi vilevile. Mtu aliyeundwa kwa mate hana uzito wa kukanyaga bomu. Basi Jumapili akapanda treni kwenda kwa Kurpas, ambaye siku hizo alilima kabichi, akamkuta anazipakia kwenye mkokoteni.

"Bonawentura, nimekuja kukuua."

"Njoo baada ya kabichi."

"Kitabuni, mpumbavu wewe. Mhariri anataka maiti, na Ludwik nimemwahidi mama yake."

Kurpas akaitua kabichi. "Kwa hiyo mimi nachukua kifo cha Ludwik, yeye anachukua uzee wangu?"

"Ndiyo."

"Sawa. Mgongo wangu ni mpana, utabeba. Ila nina masharti. Nisife nikilia. Nisife kwa ajili ya majani ya supu, mimi mtu mzima. Na nisife na njaa, Hieronim! Nipe kwanza sahani ya kabichi chachu na soseji."

Akapewa. Sura ya mwisho ilieleza jinsi mtegua mabomu Kurpas, akiwa ametoka kushiba, alivyomsukuma mwenzake pembeni na kulilalia bomu kwa mwili wake wote mpana. Leokadia aliipiga chapa akifuta machozi kwa mkono wa blauzi, huku akisema, "Na nguruwe huyo alikuja juzi akamaliza maandazi yangu yote."

Kitabu kikatoka. Warszawa haikukohoa wala kupiga chafya. Mkosoaji mmoja alisema mwandishi anaandika kama mtu anayechokoachokoa ardhi, na Hieronim akaichukua kuwa sifa. Mama yake Ludwik alikisoma mara tatu, akawaonyesha majirani ukurasa wa harusi. Majira ya baridi yaliyofuata alifariki kitandani mwake, na waliokwenda kumzika walikuta mlango haujafungwa kwa komeo.

Vuli ya mwaka huo, msimamizi wa kiwanda alipiga kelele kupita tanuri zote: "Skiba! Simu! Mwalimu mkuu anakuita! Umefeli somo gani?"

Sauti ya mwanamke, nyoofu kama rula, ilijitambulisha: Eufemia Gawlik, mwalimu mkuu, shule ya Ostrówek. Kitabu chake, akasema, mji mzima umekisoma. Kilikuwa kimoja tu maktaba na sasa kimeshonwa upya mara mbili. Watoto wamekisoma kwa sauti kwa wale wasioona vizuri. Kwa hiyo skauti wameuza chupa na vyuma chakavu, fundi Teofil Rura amejitolea kuchonga, na Sikukuu ya Watakatifu Wote watazindua jiwe la kumbukumbu makaburini kwa ajili ya shujaa aliyekufa katika ardhi yao. "Mtegua mabomu Kurpas," akasema, na sauti ile ya rula ikapinda kidogo. "Utatuhutubia, bwana mwandishi?"

Hieronim alisimama na mkonga wa simu sikioni. Katika maisha yake hakuna heshima aliyoitamani kuliko hii. Ostrówek! Watu wa milango ile. Alijua palepale kwamba ilimpasa kusema, "Mwalimu, subiri." Akasema, "Nitakuja."

Jioni ile Leokadia alimsikiliza, akaweka sufuria chini.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia palepale, ana kwa ana. Mambo kama hayo hayasemwi kwa simu."

"Watakiona kitabu ni uongo mtupu."

"Huenda."

"Sikiliza, mume wangu. Warszawa ikikukataa, tutakula viazi kama kawaida. Ostrówek ikikukataa, wewe hutashika kalamu tena. Nakujua." Hieronim alikuwa amekwisha kujiambia hivyohivyo njiani.

Kurpas naye alipopata habari alicheka mpaka akashika mkokoteni.

"Jiwe la aina gani?"

"Itale."

"Itale! Baba yangu, Mungu amrehemu, ana msalaba wa mbao, tena umeinama. Nakuja."

"Huji."

"Nani mwingine duniani amebahatika kulikagua kaburi lake akiwa na macho? Nakuja, nitasimama nyuma, nitakuwa kimya."

"Tangu lini?"

"Tangu nife."

Siku ilipofika, makaburi ya Ostrówek yalikuwa yamefurika. Kila familia ilikuwa imeosha mawe yake, imepanga maua meupe na ya manjano, na maelfu ya mishumaa iliwaka ndani ya vikombe vya kioo hata hewa ikapata joto. Jiwe jipya lilikuwa limefunikwa bendera. Eufemia Gawlik, mwembamba, koti jeusi lililofungwa vifungo mpaka kidevuni, alimkaribisha mwandishi kwa mikono miwili. Watu walimpisha. Wazee walivua kofia. Mmoja alimnong'oneza, "Mlango wangu ulikuwa wa tatu kutoka kanisani, bwana. Sikuupaka rangi hadi mwaka hamsini na nane."

Hieronim akapanda ngazi ya mawe. Alikuwa amekubaliana na Kurpas kwamba yule angebaki nje ya lango hadi aitwe.

"Watu wa Ostrówek," akaanza. "Jiwe hili ni zuri kuliko ninavyostahili kulizindua. Na kabla ya kuvuta bendera, lazima niwaambie..."

Huko langoni Kurpas alikuwa ameona aibu kusimama mikono mitupu siku kama ile. Akaenda kununua mshumaa. Muuzaji akamuuliza kwa adabu ni kwa ajili ya nani, na Kurpas, ambaye hakuzaliwa na breki, akajibu kwa sauti ya kuwaitia ng'ombe: "Kwa ajili yangu, mama! Nipe ule mkubwa!"

Vichwa viligeuka. Bibi mmoja kizee aliyekuwa akichagua mishumaa pembeni, kitambaa cha maua kichwani, akamtazama kutoka buti hadi kofia.

"Yesu na Maria," akasema. "Wewe si ndiye uliyemaliza chungu changu cha bigos?"

"Kile cha kabichi chachu na soseji ya kukaushwa kwa moshi?" Kurpas akasema, uso ukachanua. "Mama Rozalia! Nimekiota miaka yote hii!"

"Kilikuwa cha harusi ya dada yangu!"

Kicheko kilianzia langoni, lakini kilipofika kwenye jiwe kilikuwa kimekufa. Eufemia Gawlik alimgeukia mwandishi.

"Bwana Skiba. Yule ni nani?"

"Ni Kurpas, mwalimu."

"Kurpas yupi?"

Hieronim alionyesha bendera. "Huyu."

Fundi Teofil ndiye aliyelipuka kwanza. "Nimechonga mpaka kucha zimetoka! Kwa mtu aliye hai? Tena amenona?"

"Samahani, fundi," Kurpas akaita toka nyuma. "Naweza kupungua."

"Nyamaza wewe, marehemu!" mtu akamfokea, na wengine wakaanza kusema kwa pamoja, wengine wakicheka, wengine wameuma meno. Mwalimu mkuu aliinua mkono wake mmoja, na mji wote, ambao nusu yake ilikuwa imepita darasani kwake, ukanyamaza.

"Watoto wangu wamelia kwa sura ile," akasema. "Nami nimelia, bwana, na mimi si mtu wa kulia. Sasa nijibu mbele ya hawa. Tulilia bure?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu siku ya simu, na sasa lilikuwa mbele yake, waziwazi, kama chuma kikishatoka kwenye udongo. Ajabu, hofu ikamwachia.

"Hapana, mwalimu. Hamkulia bure. Mlimlilia mtu mwingine." Akawasimulia. Hakupamba. Aliwaambia juu ya kijana wa nywele nyekundu aliyeyabembeleza mabomu, juu ya kamba na majani machachu ya supu, juu ya mama wa Łódź na komeo lake, na ahadi. Na jinsi alivyokwenda kuomba kifo kwa rafiki mwenye mgongo mpana kwa sababu kile cha kweli kilikuwa cha mtu mwingine. "Kile mlichokisoma ni kifo cha Ludwik katika mwili wa Kurpas," akamaliza. "Mama yake ameshakwenda kwa Mungu. Sasa nina ruhusa ya kulitaja jina lake hapa."

Rozalia Bąk alikuwa amepenya hadi mbele, mshumaa mkononi haujawashwa.

"Wewe jina lako nililiona mlangoni," akamwambia Hieronim. "Huyu mnene nilimjua kwa chungu changu. Yule mwekundu, siku ile asubuhi aliniamkia, 'Habari, dada mzuri.' Nami sikuwa mzuri hata siku hiyo. Sikumuuliza jina. Nani aliuliza majina wakati ule? Kila mwaka nampelekea mshumaa mpakani mwa shamba langu, nasema tu, 'Kwa yule askari.' Mwaka jana watoto wakaniambia kitabuni anaitwa Kurpas, nikafurahi, hatimaye nina jina la kumwombea." Akamgeukia Kurpas. "Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikiliombea tumbo lako!"

"Limefaidika, mama," Kurpas akasema kwa unyenyekevu.

"Nipe jina lake sawasawa," akamwambia Hieronim.

"Ludwik Szpak."

Akalirudia. Nyuma yake mtu mwingine akalirudia ili kumwambia jirani asiyesikia, na huyo akamwambia mwenzake, na jina likaenda hivyo kutoka kaburi hadi kaburi, bila wimbo wala bendera, mpaka likafika ukutani.

Teofil Rura alikuwa akilizunguka jiwe lake, akiligonga kwa vidole. "Nyuma ni safi," akasema hatimaye, bado amenuna. "Nitaligeuza. Herufi kumi na moja, si kazi. Ila safari hii, mwandishi, uniapie kwamba amekufa."

"Naapa."

"Basi shika upande huo. Na wewe, marehemu, shika ule, una mwili."

Wakaligeuza palepale, Kurpas akihema, jina lake likaangalia ukuta. Kisha watu wakamfuata Rozalia hadi mpakani mwa shamba, wakauweka mshumaa wake, na mwingine, na mwingine, hadi mpaka wote ukawa mstari wa moto mchana kweupe.

Baadaye walijazana katika ukumbi wa zimamoto, penye viazi, soseji, na chungu cha bigos ambacho Rozalia alikilinda mwenyewe kwa mwiko. Eufemia Gawlik aliketi mkabala na mwandishi. Alikuwa na kile kitabu cha maktaba kilichoshonwa.

"Kikichapwa tena," Hieronim akasema, "nitairekebisha sura ya mwisho."

"Usiiguse."

"Lakini, mwalimu..."

"Usiiguse, nasema. Ludwik wa kitabuni ana mke na anaendelea kunenepa. Mwache hivyohivyo, mama yake alimwona hivyo. Huyu wetu tumeshampata, yuko hapa kwetu. Lakini ukurasa wa sabini na nne umeandika mto ulifurika upande wa kinu. Ulifurika upande wa kanisa."

"Upande wa kinu!" mzee mmoja akapaza sauti toka meza nyingine. "Mwandishi yuko sahihi, mimi niliogelea!"

"Wewe uliogelea vodka," jirani yake akamjibu. "Na ng'ombe wa Stach, bwana, umemwandika mweusi. Alikuwa mwekundu!"

"Alikuwa na mabaka!"

"Na mimi hukunitia kabisa, na mimi ndiye niliyewapa kamba!"

Wakamzunguka, wamekasirika, midomo imejaa viazi, kila mmoja akivuta kitabu kwake na kuugonga ukurasa kwa kidole chenye mafuta. Warszawa haikuwahi kubishana naye hata juu ya nukta. Leokadia alimtazama mume wake toka upande wa pili wa ukumbi, akaona anacheka na machozi yanamtoka.

"Mmoja mmoja, jamani!" Hieronim akapiga kelele, akimwomba mwalimu mkuu kalamu. "Mmoja mmoja! Tuanze na ng'ombe."